Keria Tupu

Kisiwani hakuna mtu anayefunga baiskeli yake kwa kufuli, isipokuwa Mzee Mansuri. Na mwizi aipeleke wapi? Njia ya kutoka ni moja tu, lile daraja la nyaya na mbao, na pale mwanzo wa daraja amekaa mama muuza vitumbua anayeijua kila baiskeli ya kitongoji kwa mlio wa cheni yake. Lakini Mansuri, ambaye ndiye fundi baiskeli wa pekee pale, alifunga ya kwake kwa kufuli mbili, gurudumu la mbele na la nyuma, na funguo akazitia kwenye mifuko miwili tofauti. Ukimletea boga, anakuuliza kwanza limetoka kwa nani. Ukimsifia kofia, ataivua aitazame ndani. Ndivyo alivyo, na waliomzoea walimcheka tu wakaendelea na shughuli zao.

Kisiwani kwenyewe si kisiwa cha baharini. Ni kipande cha ardhi chini ya milima ya Uluguru, upande wa Matombo, ambapo mto unagawanyika mikono miwili, unakwenda hivyo kilomita nne na ushee, kisha unakutana tena kana kwamba haukuwa umegombana. Gari halijawahi kukanyaga huko. Pikipiki zilivuka kwa mwaka mmoja, mpaka moja ilipotumbukiza gurudumu kati ya mbao mbili, dereva akabaki ananing'inia kwenye waya huku akiwaita watu wote kwa majina. Tangu siku hiyo serikali ya kijiji ikapiga marufuku. Kwa hiyo kila kitu ni baiskeli. Mpunga unabebwa kwa baiskeli, na mabati, na godoro la bibi harusi, na mgonjwa. Mwanvita, mke wa Mansuri, alipopelekwa hospitali safari yake ya mwisho, alikwenda akiwa ameketi kwenye keria ya mumewe, kanga mbili chini yake.

Nasema hivi ili ieleweke kwa nini machale yalimcheza Mansuri Ijumaa ile jioni, Maimuna alipofika kutoka Kihonda akisukuma baiskeli ya gia inayong'aa, haina hata keria, akasema, "Shikamoo baba mkubwa. Kesho nataka tuzunguke kisiwa chote, mimi na wewe."

"Marahaba. Tuzunguke tukachukue nini?"

"Hatuchukui kitu. Tunazunguka tu. Tunapumzika."

Mansuri akamtazama. Maimuna alikuwa binti wa mdogo wake Mwanvita, mtu mzima sasa, ana kazi yake mjini katika ghala la mbegu, na huku Kisiwani alikuja kwa misiba na sikukuu. Si mtu wa kuja hivi hivi. Na tangu lini mtu akapumzika kwa kuendesha baiskeli? Baiskeli ni kazi. Mtu anapumzika kwa kushuka kwenye baiskeli.

"Sawa mwanangu," akasema, na usiku ule hakulala vizuri.

Sababu ya kukosa usingizi ilikuwa hii. Mansuri hakuzaliwa Kisiwani. Kwao ni Kinole, juu mlimani. Alikuja kuoa, na katika ukoo ule ardhi hufuata mama: mwanaume anakuja na jembe lake na mkeka wake, analima shamba la mkewe, anakula, anazeeka, lakini shamba si lake. Mke akitangulia, ardhi ni ya watoto, na baba hukaa kwa watoto wake. Mwanvita alikuwa ametangulia, mwaka wa pili sasa, na hakuacha mtoto. Ardhi ilikuwa imerudi kwa ukoo, na mwenye kauli kwenye ukoo alikuwa kaka yake, Mzee Hamza, anayekaa karibu na daraja. Siku yoyote Mzee Hamza angeweza kumwita Mansuri, kumkalisha, kumshukuru kwa wema wote, na kumrudisha kwao. Ingekuwa halali kabisa. Na huko kwao hapakuwa na wa kumpokea. Dada zake wote wamekufa, na wapwa waliobaki wanamjua kwa picha ya harusi tu.

Arobaini ilipita. Mwaka ukapita. Mzee Hamza hakusema neno. Mtu mwingine angeshukuru Mungu, lakini Mansuri aliona kimya kile ni cha mtu anayepanga.

Asubuhi walitoka saa tatu. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, njia ya tutani imekauka, umande unang'aa kwenye mabua, na milima ile kule juu imejifunika wingu mpaka kiunoni. Siku nzuri, mtu mwenye roho nyeupe angeifurahia. Mansuri alitangulia na Phoenix yake kuukuu, keria tupu kabisa, na aibu yake aliihisi mgongoni. Kisiwani mtu mwenye keria tupu ama anamfuata mtu, ama anamkimbia mtu.

Hawakumaliza mita mia mbili wakakutana na mzee mmoja anayesukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. "Fundi! Kwema? Mnakwenda wapi?"

"Tunazunguka tu."

"Mnazunguka nini?"

"Kisiwa."

Mzee akasimama, akaangalia keria, akaangalia baiskeli ya Maimuna isiyo na keria, akatikisa kichwa. "Haya. Mzunguke salama." Na alipopita, Mansuri aligeuka akamwona naye amegeuka. Tazama, akajisemea, huyu naye anajua.

Ilikuwa hivyo njia nzima. Wanawake waliokuwa wakipepeta mpunga walimsalimia kwa sauti ya upole kupita kiasi. Mtu aliyewahi kugombana naye juu ya tyubu alimpungia mkono. Kwa Mansuri, watu hawakupungii mkono bure. Wanakupungia unapoondoka. Akaanza kuhesabu: Maimuna kaja ghafla, tena asubuhi kamwambia avae shati jeupe na kofia ya Iddi, na sasa watu wana huruma. Ukizijumlisha hizo unapata nini? Unapata mtu anayeagwa. Wanamtembeza aione ardhi mara ya mwisho, ndiyo heshima yake, kisha jioni akalishwe kwenye mkeka na kuambiwa asante.

Na ile simu! Maimuna alikuwa akishuka kila baada ya muda, anasimama kwenye kona ya shamba, anaiinua simu, anaitazama, anaandika kitu kwenye kijidaftari.

"Unapiga picha gani hizo?" Mansuri akauliza.

"Mandhari, baba mkubwa. Pazuri huku."

Mandhari! Alikuwa ameelekeza simu kwenye kisiki.

"Na hapa mpaka wa mama mkubwa unapita wapi?" akauliza binti, sauti laini kama siagi iliyoachwa juani. "Kwenye hayo masale, au mbele?"

"Kwenye masale," akajibu Mansuri akiwa ameuma meno, maana mstari ule wa masale, mimea ya kupandwa mipakani, kila mtu aliuona, na kuudanganyia kungekuwa upumbavu. Binti akaandika. Wakaenda. Kona nyingine, swali lile lile. Akajibu. Akaandika. Yaani ananichimbisha kaburi langu kwa mkono wangu, Mansuri akawaza, akakanyaga pedeli kwa hasira mpaka cheni ikaruka.

Hilo ndilo lililomwokoa kidogo. Akainamisha baiskeli, akarudisha cheni jino kwa jino, vidole vikapata grisi, na kwa dakika tano alikuwa fundi tu. Maimuna alichuchumaa pembeni akimtazama. "Mama mkubwa alikuwa anasema wewe ukishika cheni ndiyo unakuwa mtu," akasema.

"Alisema hivyo?"

"Alisema ukiwa huna cheni mkononi unashuku mpaka kuku."

Mansuri alitaka kucheka. Hakucheka, kwa sababu alijiuliza binti huyu ana nini kingine alichoambiwa na Mwanvita, na kwa nini anakitoa leo.

Mchana waliufikia mwisho wa kisiwa, pale mito miwili inapokutana juu ya mchanga. Wakaegemeza baiskeli kwenye gogo. Maimuna akafungua mfuko, akatoa mihogo ya kuchemsha, kachumbari kwenye kopo, na samaki wa kukaanga. Akavua viatu akatia miguu majini. Hakuna mlio wa injini hata mmoja, ni maji tu na ndege, na mbali kule mtu anatwanga. "Mjini hukipati kimya hiki," Maimuna akasema. "Kihonda usiku mashine za kukoboa, asubuhi mashine za kukoboa. Ningekuwa wewe nisingetoka huku hata kwa dawa."

Mansuri akaacha kutafuna. "Nani kakwambia natoka?"

"Sijasema unatoka."

"Umesema hata kwa dawa."

"Baba mkubwa!" Binti akacheka, lakini macho yake yakakimbilia majini, na Mansuri aliyaona yakikimbia. "Kula samaki. Mengine yatasemwa na mwenye kuyasema."

 Mwenye kuyasema ni nani kama si Mzee Hamza? Basi ni kweli. Muhogo ukageuka udongo mdomoni, akaumeza kwa maji ya mto.

Waliporudi kwa mkono wa pili wa mto jua lilikuwa limegeuka, na sasa kulikuwa na kona moja tu iliyobaki, na hiyo ndiyo Mansuri aliyoiogopa tangu Ijumaa, niseme kweli, tangu miaka thelathini na mmoja iliyopita. Ilikuwa ile ya mfenesi.

Katika ukoo ule mwanaume aliyekuja kuoa hupanda kinacholiwa kikaisha: mpunga, mahindi, ndizi. Mti wa kudumu hapandi. Mti unaishi kuliko mtu, na mwenye mti kesho atadai na udongo ulio chini yake. Zamani kidogo palikuwa na bwana mmoja, Yusuph, mume wa mama mdogo wa Mzee Hamza, aliyepanda michungwa sita nyuma ya nyumba. Alirudishwa kwao wiki hiyo hiyo, mkeka wake umefungwa kwenye keria yake mwenyewe, na watoto wakamsindikiza kwa nyimbo mpaka darajani. Kisa hicho Mansuri alisimuliwa wiki ya harusi yake mara tatu, na watu watatu tofauti.

Na bado alipanda. Mwaka wa pili wa ndoa Mwanvita alikuwa na mimba, na mimba ile ilitaka fenesi tu. Mansuri alipanda mlima kwa baiskeli mpaka Kinole, akateremka na fenesi zima kwenye keria, utomvu umemganda mpaka kwenye viwiko. Mwanvita alikula akicheka, kokwa akaziweka kwenye kifuu. Mtoto alizaliwa, akakaa siku nne, akaondoka. Vitu vyote vya mtoto watu walivitoa, lakini kile kifuu cha kokwa kikabaki nyuma ya mlango, hakuna aliyejua ni cha nini. Mansuri alishindwa kuzitupa. Alfajiri moja alichukua moja akaenda mwisho kabisa wa shamba, ng'ambo ya mfereji, akachimba kwa kisu, akafukia. Hakumwambia mtu.

Ulipochomoza akamwambia Mwanvita, "Kuna mfenesi umejiotea kule chini." Mwanvita akasema, "Ahaa." Basi. Mti ukakua, ukazaa, na kila msimu Mwanvita ndiye aliyekata fenesi la kwanza. Alipaka kisu mafuta, akalipasua, akamwekea mumewe sahani, na kila msimu alisema maneno yale yale: "Karibu, fenesi langu hilo." Mansuri alikula, lakini kwa kinyongo. Alijua anakumbushwa shamba ni la nani. Hata mke wangu, alijisemea, hata yeye. Na katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kumuuliza mti ule umetoka wapi, na hilo nalo alilishuku.

Sasa Maimuna amesimama kwenye mfereji, simu mkononi. Ng'ambo, mfenesi umetanda, mkubwa kuliko nyumba, mafenesi machanga yamening'inia kwenye shina. Nyuma yake unaonekana mstari wa masale, na baada ya masale ndipo linapoanza shamba la Maneno, jirani.

"Baba mkubwa, na huku mwisho? Mpaka wetu unaishia wapi?"

Mansuri akapiga hesabu upesi. Wakiuandika mti, watauliza nani kaupanda. Wakijua, hatarudishwa tena kama mgane aliyeshukuriwa. Atarudishwa kama Yusuph, mkeka kwenye keria, na nyimbo juu. Kurudishwa atarudishwa tu. Afadhali basi aondoke na jina lake.

"Unaishia hapa hapa," akasema. "Kwenye mfereji."

"Mfereji?" Maimuna akanyoosha kidole. "Na ule mfenesi?"

"Wa Maneno."

Binti alimtazama muda mrefu, hata Mansuri akajifanya anakagua breki. "Mfenesi ule ni wa Maneno?"

"Si nimekwambia? Andika, jua linakwenda."

Akaandika. Na Mansuri, mtu wa kufuli mbili, akawa ametoa kwa mdomo wake kipande kizima cha ardhi nyeusi, kipande bora kuliko vyote vya Mwanvita, ambacho ndicho kilichomlisha mpunga na ndizi miaka yote. Akapanda baiskeli bila kugeuka nyuma.

Kwa Mzee Hamza walifika alasiri imekwisha, na Mansuri akachungulia uani. Mkeka mpya umetandikwa. Sufuria la pilau liko jikoni, harufu imejaa. Kwenye kiti ameketi Mzee Hamza na fimbo yake, maana miguu yake haikumfikisha mbali tena. Pembeni yuko Maneno, jirani wa shamba, anakunywa soda, na mbele yake Grace, mtendaji wa kijiji, na faili lake. Kikao kilekile alichokiota, mpaka soda.

"Karibu, mlamu," Mzee Hamza akasema. Ndivyo alivyomwita siku zote, kama shemeji wanavyoitana kule milimani. "Mmezunguka vizuri?"

"Vizuri."

"Kaa."

Mansuri akakaa, lakini kofia hakuivua, kama mtu ambaye hatakaa sana.

"Nitasema kwa ufupi, tule," Mzee Hamza akaanza. "Wiki ijayo watu wa vipimo wanakuja kuandika hati za kimila. Kila shamba na mwenyewe. Ukoo umekaa. Tukaona, mimi nina miaka themanini na moja, nikifa, hawa vijana hawakujui vizuri, kesho kutwa mmoja ataamka akuambie funga mkeka. Hatutaki. Umemlea dada yangu, umemuuguza, umemzika. Kwa hiyo tumesema uandikwe. Nyumba ya Mwanvita na kile kipande cha mfenesi, vikae mkononi mwako mpaka Mungu akuchukue. Ndiyo maana nikamtuma huyu mtoto akuzungushe, umwonyeshe mipaka kwa raha zako, bila watu wa kukukera. Nikamkataza kukwambia, maana jambo la ukoo linasemwa na mjomba mbele ya shahidi. Grace, soma."



Grace akasoma kutoka kwenye daftari la Maimuna, kona kwa kona, masale kwa masale, vizuri kabisa. Kisha akasita. "Mwisho wa shamba ni mfereji. Mfenesi na kipande kilicho ng'ambo ni vya Maneno."

 Wote wakamgeukia Maneno. Maneno soda ilikuwa imempalia. Alikohoa, akajifuta kidevu, akafikiri, na mtu anayefikiri kwa faida yake anaonekana. "Mimi sikujua," akasema taratibu. "Lakini mzee ndiye anayeijua mipaka. Kama kasema ni vyangu, mimi nani nimbishie?"

"Mlamu," Mzee Hamza akasema, "umesema hivyo?"

Hapa ndipo Mansuri angeweza kuongopa tena. Angesema alikosea, jua lilikuwa machoni, binti aliandika vibaya. Alimwona Maimuna ameinamisha kichwa, hakumshtaki kwa neno hata moja. Na akajiona mwenyewe kwa macho ya siku nzima: wale waliompungia mkono, samaki, kimya cha mto, na yeye yumo ndani yake anahesabu maadui.

Akavua kofia. "Nimesema, shemeji. Nimesema uongo. Mpaka ni kwenye masale. Maneno hana hata tawi pale." Maneno akashusha pumzi na soda yake. "Mfenesi ule niliupanda mimi. Kwa mkono wangu. Najua sheria ya hapa, nilijua siku ile, na nilipanda. Kokwa ile ilikuwa ya fenesi alilokula Mwanvita kwenye ile mimba. Nilishindwa kuitupa. Nilidhani mmeniita kunirudisha, nikaona heri nisirudishwe kama Yusuph. Sasa mnalo. Nirudisheni mnavyotaka, lakini mti msiukate."

Alisema yote hayo akitazama mkeka. Kisha akainua macho asubiri hukumu. Mzee Hamza alikuwa amefumba yake.

"Mlamu," akasema hatimaye, "huo mti aliupanda Mwanvita."

"Hapana shemeji, nakwambia mimi..."

"Nisikilize. Alikuja hapa, hapo hapo ulipokaa. Mwaka ule ule wa mtoto. Magoti yote tope. Akasema, kaka, nimepanda mfenesi kule mwisho wa shamba. Kama kuna mtu atakayeuliza, mti ni wangu, mume wangu asiulizwe kitu. Nikamwambia, Mwanvita, wewe tangu lini unapanda miti? Akasema, tangu leo. Akaenda kwa mama, akasema hivyo hivyo. Akazungukia wazee wote, mmoja mmoja, siku ile moja. Ndiyo maana hakuna aliyekuuliza." Akafumbua macho, yalikuwa mekundu. "Sasa dada yangu alisema kaupanda yeye. Wewe unasema umeupanda wewe. Mmoja wenu ni mwongo, na mimi marehemu simwiti mwongo. Grace, andika. Mpaka ni masale. Mfenesi ni wa marehemu Mwanvita, na mumewe ataukalia. Na pilau iletwe."

Pilau ililetwa. Mansuri hakumbuki aliila au hakuila.

Walirudi wakati wa magharibi, yeye na Maimuna, polepole, mpaka kwenye mfereji. Pale Mansuri akashuka. Akaiacha baiskeli imelala kwenye majani, akavuka, akaenda mpaka kwenye shina, akaweka kiganja.

Karibu, fenesi langu hilo. Misimu ishirini na mitatu alisikia maneno yale na kuyameza kwa kinyongo, akidhani anasimangwa. Kumbe Mwanvita alikuwa anaapa. Kila mwaka alirudia kiapo chake mbele ya mtu pekee aliyejua kuwa ni cha uongo, akimngoja aseme neno moja tu, na yeye akala, akanawa utomvu kwa mafuta ya taa, akanyamaza.

Alilia bila kuficha uso. Maimuna alisubiri ng'ambo akizishika baiskeli zote mbili.

Aliporudi, macho yamevimba, alichukua usukani wa Phoenix yake. "Msimu ukifika uje," akamwambia. "La kwanza utalikata wewe. Paka kisu mafuta, kisha uniwekee kwenye sahani, na useme ni la mama yako mkubwa."

"Na wewe utasema nini?"

"Nitasema asante," Mansuri akajibu, na wakaendelea na safari ya nyumbani.